Mkahawa wa mboga usio na bei unawezekana hapa Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita mlichapisha barua ya msomaji mmoja aliyekuwa amepata habari za mikahawa ya ng'ambo ambayo haipiki nyama wala haiweki bei, bali kila mlaji hulipa kadiri anavyoona mwenyewe. Msomaji huyo alikata shauri kwamba jambo hilo linawafaa watu wa nchi tajiri, na kwamba atakayelileta Lubumbashi atafilisika kabla ya Jumamosi, kwa sababu watu wetu watakula, watafuta midomo, na kwenda zao. Ninamjibu kwa heshima, si kwa kuwa nimesoma kumzidi, bali kwa kuwa ninapika. Nina malewa, yaani mkahawa mdogo, katika komini ya Kenya, ambayo ni sehemu ya mji huu na si ile nchi ya Kenya, si mbali na soko, na huu ni mwaka wa pili ambapo kila Jumatano hatupiki nyama wala samaki, na hatumtajii mtu bei. Malewa yangu bado yapo wazi.

Nianze kwa kumkubalia pale alipo na haki. Mikahawa ya namna hii hufa, tena hufa mingi. Huko Marekani kampuni ya Panera, yenye matawi mengi ya kuuza mikate na supu, ilifungua mwaka 2010 mkahawa wake wa kwanza wa kulipa utakavyo katika mji wa Clayton, jimbo la Missouri, ikaongeza mingine katika miji kadhaa, lakini mwaka 2019 wa mwisho wao, uliokuwa Boston, nao ulifungwa. Huko Melbourne, nchini Australia, Shanaka Fernando, mzaliwa wa Sri Lanka, alianzisha mwaka 2000 mkahawa wa chakula kisicho na nyama, akauita Lentil as Anything, nao ukazaa matawi. Hata hivyo ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya watu mwaka 2020, wenyewe walilazimika kuomba michango ya umma ili jiko lisizime. Asiyeamini, basi, hakosi ushahidi. Ila ushahidi huohuo ukitazamwa vizuri unasema jambo jingine pia: kampuni yenye mtaji na wahasibu ilichoka kabla ya kutimiza miaka 10, ilhali jiko la dengu lililoanzishwa na mtu mmoja lilipita miaka 20. Nayo mikahawa ya Annalakshmi, inayopika vyakula vya mboga vya Kihindi, iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 chini ya uongozi wa Swami Shantanand Saraswati, imelisha watu Kuala Lumpur, Singapore na Perth kwa miaka mingi, kwa mikono ya watu wanaojitolea, na mgeni huambiwa ale ashibe na atoe kadiri moyo unavyomtuma. Utajiri wa nchi peke yake hauelezi kwa nini mmoja unadumu na mwingine unaanguka.

Mimi nimeanza kuelewa sababu yake kupitia sufuria zangu mwenyewe, na sababu ya kwanza ni hiyo mboga yenyewe, ambayo msomaji wetu aliitaja kama kitu cha pembeni, kana kwamba ni matakwa tu ya watu wanaoogopa kuchinja.

Huko Frankfurt, Ujerumani, watafiti walikubaliana na mwenye mkahawa mmoja aondoe kwa muda bei ya chakula cha mchana, kilichokuwa kikiuzwa yuro 7.99. Walaji walilipa wastani wa yuro 6.44, yaani pungufu ya bei ya kila siku, lakini walikuja wengi kuliko zamani, hata mapato ya jumla yakapanda. Mpishi yeyote wa komini ya Kenya au ya Katuba anaweza kuona mara moja mahali ambapo hesabu hiyo inashikilia na mahali ambapo inavunjika. Watu wakiongezeka huku kila mmoja akilipa pungufu, faida inabaki tu ikiwa sahani ya ziada haigharimu sana. Kipande cha nyama ni kipande: mlaji wa arobaini anakula nyama nyingine, ambayo nimeinunua kwa bei ileile niliyonunulia ya mlaji wa kwanza. Lakini sufuria kubwa ya sombe, yaani majani ya muhogo, au ya maharagi, ambayo ilinibidi niiwashie makala (makaa) tangu alfajiri hata kama wangekuja watu kumi tu, inawatosha na watu wanne wengine bila mimi kurudi sokoni. Ndiyo maana nasema kwamba mkahawa usio na bei wenye nyama ni jambo gumu sana, na usio na bei wenye mboga ni jambo la kawaida ambalo akina mama wa mji huu walikwisha kulifanya majumbani mwao, pale wageni wanapofika bila taarifa na hakuna anayefukuzwa.

Nisieleweke vibaya, mboga si bure. Anayedhani majani hayana gharama hajawahi kupika sombe. Majani ya muhogo hutwangwa mpaka yalainike kabisa, kisha huchemka muda mrefu, kwa sababu sombe isiyoiva vizuri ina sumu na haistahili kupewa mtu, na muda wote huo makala yanateketea, nayo makala yanazidi kupanda bei kadiri msitu unavyorudi nyuma mbali na mji. Maharagi ninayaloweka usiku kucha ili kupunguza moto wa asubuhi. Unga wa bukari, yaani ugali, ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa kuwa sehemu kubwa ya mahindi tunayokula inavuka Kasumbalesa kutoka Zambia, na kila mara Zambia inapozuia mahindi yake, mfuko wa unga unaruka bei hapa mjini kabla jua halijazama. Jumatano za namna hiyo ninaongeza viazi vitamu na kupunguza bukari, na walaji wanaelewa bila hotuba, kwa sababu hata nyumbani kwao wamefanya vivyo hivyo.

Mboga ina faida nyingine ambayo haimo katika daftari la hesabu. Kalasinga, yaani waumini wa dini ya Guru Nanak, aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539, wana desturi ya jiko la wote liitwalo langa, ambalo katika Hekalu la Dhahabu huko Amritsar hulisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku bila kumdai mtu chochote. Chakula hicho hakina nyama, na sababu mojawapo ni kwamba mtu wa dini yoyote aweze kuketi sakafuni kando ya mwenzake bila kuuliza kilicho sahanini. Nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikatazama meza zangu sita. Siku nyingine zote za juma, nyama inawagawa watu kabla hawajaketi: Mwislamu anataka kujua nani alichinja, Mkimbangu hagusi nguruwe, Mwadventista ana orodha yake ya vilivyo safi na visivyo safi, na Mkatoliki wa Ijumaa za Kwaresima anaomba samaki. Tena nyama inawagawa kwa mfuko, maana sahani yenye nyama na sahani isiyo na nyama zikikaa meza moja, kila aliyepo anajua nani ana feza na nani hana. Siku ya Jumatano sahani zote ni moja. Fundi wa magari, mwanafunzi wa chuo kikuu, mbeba mizigo wa sokoni, na mama anayeuza vitenge wanakula lengalenga (mchicha) ileile kutoka sufuria ileile, na sijasikia hata mara moja mtu akiuliza mwenzake ni wa kanisa gani.

Wengine husema kwamba Mkongomani hawezi kuridhika bila nyama. Wanaosema hivyo wamesahau wanachokula. Je, kikanda si chetu? Mizizi ya okidi za porini, midogo kama viazi vichanga, hukaushwa na kutwangwa mpaka ikawa unga, na karanga nazo hutwangwa peke yake. Maji yenye chumvi na pilipili yakichemka, unga wa karanga hutangulia, kisha hufuata unga wa kikanda na magadi kidogo, huku mwiko hausimami, mpaka mchanganyiko unapoanza kujivuta na kuachana na kuta za sufuria. Hapo hufunikwa, na makala yenye moto hupangwa juu ya kifuniko, ili joto litoke chini na juu kwa pamoja. Kikiiva huwa na rangi ya udongo wa barabara zetu, hukatwa vipande kama keki, na mtu akikitafuna meno hukutana na ugumu ule wa soseji, hata mgeni mmoja aliwahi kunibishia kwamba nimeficha nyama ndani yake. Nakipika mara moja tu kwa mwezi, kwa sababu wauzaji wananiambia kwamba mizizi sasa inatoka mbali zaidi kila mwaka, na sipendi sufuria yangu iwe miongoni mwa zile zitakazomaliza okidi za porini. Masika yanapoanza, uyoga wa miombo unajaza beseni za akina mama kando ya barabara, na kwa majuma machache hakuna anayekumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa nyama. Ongeza majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga, ongeza matembele, ongeza maharagi yenye mafuta ya mawese. Chakula hiki bibi zetu walikipika, na hakuna aliyekileta kutoka ng'ambo.

Sasa nije kwenye malipo, ambapo mimi mwenyewe nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifundisha mengi kuliko habari zote nilizosoma.

Nilipoanza, wakati wa Kwaresima, niliweka sahani ya udongo juu ya meza karibu na mlango, mahali anapoketi binti wa dada yangu anayenisaidia, na niliwaambia watu waweke wanachoona kinafaa. Jumatano ya kwanza alikuja kijana mmoja anayebeba mifuko sokoni. Alikula vizuri. Aliposimama, mbele yake kulikuwa na bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, ambaye alitoa noti kubwa, akaiinua kidogo ili ionekane, akaiweka juu ya nyingine zote. Kijana alitazama ile sahani, akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu, akapita ukutani ukutani mpaka nje. Nilimwita, lakini hakugeuka. Hakurudi tena kwa majuma sita. Walaji wengine wa siku ile niliwaona wakikunja noti zao ndogo mpaka zikawa kama punje, ili zisisomeke. Jioni nilihesabu feza zikatosha, lakini moyo haukutulia, maana nilikuwa nimefungua mlango kwa ajili ya watu kama yule kijana, na yeye ndiye niliyemfukuza.

Kwetu bukari huliwa kwa mkono, na hakuna anayekula bila kunawa kabla na baada. Nyuma ya pazia, karibu na mlango wa uani, kuna ndoo yenye bomba, sabuni na beseni. Juma lililofuata niliondoa ile sahani, nikachukua mtungi wa mama yangu wenye shingo nyembamba, ambao noti iliyokunjwa inapita lakini mkono wa mtu mzima hauingii, nikauweka juu ya kigoda kando ya beseni. Tangu siku hiyo kila mlaji anapita nyuma ya pazia, kwa sababu kila mlaji ananawa, na hakuna anayejua, hata mimi mwenyewe sijui, nani ametia noti, nani ametia sarafu za Zambia zilizobaki mfukoni, na nani ametoka na mikono safi tu. Kijana wa mifuko alirudi, sijui ni nani aliyemwambia. Sijui hulipa nini. Sitaki kujua.

Msomaji wetu atasema kwamba palipo na siri hakuna atakayelipa. Hata mimi nilidhani hivyo, na huenda ndiyo sababu niliiweka ile sahani hadharani. Lakini huko Vienna, Austria, kuna mkahawa wa vyakula vya Pakistani uitwao Der Wiener Deewan, ambao tangu mwaka 2005 unawaacha walaji walipe wanavyoona, na watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2012 waliwalinganisha walaji waliolipa wakionekana na waliolipa bila kuonekana. Waliolipa kwa siri ndio waliotoa zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu anayelipa peke yake hulipa mbele ya nafsi yake, na nafsi ya mtu si rahisi kudanganywa na noti ndogo. Mtungi wangu unasema hayohayo, ingawa sina elimu ya kuupima kama wao.

Najua kwamba jambo hili linapingana na desturi moja tunayoiheshimu. Katika kilio, michango huandikwa kwenye daftari na majina husomwa mbele ya watu wote, na ni sawa isomwe hivyo, kwa sababu mchango wa kilio ni deni la zamu: leo kwako, kesho kwangu, na daftari ndilo linalokumbuka. Vivyo hivyo likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana feza kwa zamu, haiwezi kuendeshwa kwa siri. Lakini sahani ya chakula si deni la zamu. Mtu mwenye njaa akijua kwamba jina lake litasomwa, atachagua njaa, na nimekwisha kumwona akiichagua.

Siwezi kuficha kwamba tulidhulumiwa. Kuna kipindi ambapo vijana wanane wa ofisi moja ya jirani walikuwa wakija pamoja kila Jumatano, wanakula sahani mbilimbili, na siku hizo mtungi ulikuwa mwepesi sana jioni. Binti wa dada yangu alitaka niwaambie wasirudi. Nilikataa, kwa kuwa sikuwa na hakika, na mtungi wa siri ukishaanza kuwashuku watu si wa siri tena. Badala yake nilitundika ubao mdogo nyuma ya pazia, juu ya ndoo, nikaandika kwa chaki yale ambayo soko lilinidai asubuhi ile: unga kiasi gani, sombe kiasi gani, mafuta, vitunguu, makala, mshahara wa wasaidizi wawili, na chini kabisa: sahani moja imetugharimu falanga 2,200. Sikuomba kitu. Mtungi ulianza kuwa mzito tena juma lileile. Nadhani wengi wao hawakuwa wezi. Hawakuwa wanajua tu. Mtu aliyezoea kusomewa bei na mwuzaji hajawahi kuulizwa chakula kinatoka wapi na kinakula nini kabla hakijaliwa. Tangu hapo ubao huo unaandikwa upya kila Jumatano, na nimeona watu wazima wakisimama mbele yake, mikono ikidondosha maji, wakihesabu midomoni.

Kuna wasio na feza kabisa, na hao wamenionyesha njia ambayo sikuifikiria, ingawa baadaye nilisoma kwamba huko Denver, Marekani, mkahawa uitwao SAME Café umefanya hivyo tangu mwaka 2006, ukipokea feza, au kazi ya mikono, au mazao ya bustani. Mama mmoja mjane huja saa moja asubuhi kutwanga sombe, na kinu chake kinasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mzee mmoja alinitengenezea miguu ya meza. Mara moja nilikuta kando ya mtungi vitunguu vitatu vimefungwa kwenye kitambaa safi. Sikuwapangia kiasi cha kazi, na mtu asinipangie kiasi cha shukrani.

Mimi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa migodi, na labda ndiyo sababu jambo hili linanigusa kiasi hiki. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka posho. Tangu enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi alipewa chakula kwa kipimo kulingana na ukubwa wa jamaa yake: unga, maharagi, mafuta, chumvi. Mama yangu alinichukua mara nyingi kwenye mstari wa posho, na ninakumbuka sauti ya kopo la bati likipiga ukingo wa pipa la unga, na macho ya akina mama yakifuata mkono wa mpimaji. Posho iliwalisha wengi, sitaidharau. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kwa mpango ule ulioitwa wa hiari, jamaa nyingi za mji huu zilijua maana ya sufuria tupu. Lakini katika posho kipimo kilikuwa mkononi mwa mtoaji. Katika misaada ya mashirika, ambayo nayo tunaijua, kipimo kiko mkononi mwa mtoaji. Hata katika malewa yangu, Jumatatu na Jumanne, kipimo kiko mkononi mwangu. Siku ya Jumatano mlaji ndiye anayepima. Naomba msomaji aliyeandika juma lililopita afikirie ni mara ngapi katika maisha yake mbeba mizigo wa soko la Kenya ameulizwa na mtu: wewe waonaje, kitu hiki ni cha thamani gani?

Kwa sababu hiyohiyo nimekataa mara mbili watu wenye nia njema waliotaka kugharamia Jumatano zote za mwaka na kuweka bango lao mlangoni. Chakula kikishakuwa cha mfadhili, mlaji anakuwa mhitaji na pazia halina kazi. Afadhali wafadhili hao waje, wale, watie mtungini wanachotaka kutia, na watoke kama wengine.

Nina lalamiko moja, na ninalitaja kwa sababu linaweza kuwazuia wengine wasithubutu. Mtoza ushuru wa ofisi moja alifika siku ya Jumatano na kutaka kujua bei ya sahani ili akadirie kodi. Nilipomweleza kwamba haina bei, aliandika kwamba ninaficha mauzo, akanitoza kwa kukisia, na makisio yake yalipita kilichokuwemo mtungini. Nilikwenda ofisini mara nne na daftari langu mkononi, nikasubiri, nikarudishwa. Nalipa kodi za malewa yangu na nitaendelea kulipa. Ninachoomba kwa wakuu wa komini na wa mji ni kwamba daftari la manunuzi na la mapato ya siku likubaliwe kuwa ushahidi, pale ambapo bei haipo.

Na kwa wenzangu wenye malewa nasema kwamba hakuna anayewataka mfunge biashara zenu. Siku moja ya juma yatosha. Huko Berkeley, California, watu waliojitolea walianzisha mwaka 2007 kitu walichokiita Karma Kitchen kwa kupata mkahawa wa watu wengine siku moja ya juma, wakapika vyakula vya Kihindi visivyo na nyama, na mlaji alipoomba hesabu alipewa karatasi iliyoandikwa sifuri, kwa maelezo kwamba chakula chake kilikwisha kulipiwa na waliomtangulia, naye akitaka anaweza kumlipia atakayemfuata. Siku sita walipika wenyewe wa mahali pale kwa bei zao. Kama malewa matano ya Kenya, Kamalondo na Katuba yangechagua kila moja siku yake, mtu asiye na kitu angepata sahani ya moto Jumatatu hadi Ijumaa, na hakuna mwenye malewa hata mmoja ambaye angebeba mzigo zaidi ya ninaoubeba mimi. Jumatano kadhaa nimepata hasara. Nyingi zaidi zimejilipa, na chache zimeniachia kitu cha kununulia karanga za juma linalofuata. Atakayetaka kuona daftari langu nitamwonyesha, tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na kurasa za wale vijana wanane.

Msomaji wenu aliyeandika juma lililopita namkaribisha pia, na simkaribishi kwa ubishi. Jumatano ijayo tutakuwa na sombe, majani ya maboga kwa karanga, na bukari ikiwa unga haujapanda tena. Tunaanza kupakua saa sita mchana. Ndoo ya kunawia iko nyuma ya pazia la bluu, mkono wa kushoto.

Mama malewa,
Komini ya Kenya, Lubumbashi